Mwaka wa Ugeni

Mueni alikuja kwetu mwaka wa themanini na nne, mwaka ambao mvua ilitunyima kabisa, akaanza kuuliza habari za mafuriko. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mahindi yalikuwa yamekauka kabla hayajafika magotini, tunakula unga wa njano wa msaada, na huyu msichana kutoka Ukambani anapita nyumba hadi nyumba na makaratasi yake: "Je, mafuriko yaliwahi kufika hapa?"

Shemeji yangu Lewa alimjibu, "Binti, ukikutana nayo huko uendako, yaambie yapitie kwangu. Nina madebe manne matupu."

Naye akaandika. Baadaye alinisomea alichoandika: "Hapana. Mzee anatania."

Alikaa kwangu. Mimi ni Kahonzi, mjane wa Katana, na nyumba yangu ipo upande wa Ganda, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda mto Sabaki. Chifu alitafuta mtu mwenye chumba, nami nilikuwa nacho kimoja tangu mwanangu wa mwisho ahamie Muyeye kufuata kazi. Nilimtazama yule msichana na mzigo wake wa vyuma na vitabu, nikamwuliza amekuja kufanya nini hasa. Akasema anasoma chuo kikuu, Nairobi, anatafuta digrii ya pili.

"Ya kwanza imeharibika?" nikamwuliza.

Alicheka, akaweka mzigo chini. Siku ile ile alichukua mtungi wangu bila kuambiwa, akaenda kisimani, na kisima chetu mwaka ule kilikuwa cha kungoja maji yajikusanye. Alirudi jua limeshuka, mtungi umejaa. Hakusema kwamba alingoja.

Somo lake lilikuwa la majanga. Ukame, mafuriko, maporomoko ya udongo. Nilidhani wanasoma jinsi ya kuyazuia. Akaniambia, "Hapana, hawe." Alikuwa amejifunza siku ya pili tu kuniita hawe, kama wajukuu zangu wanavyomwita bibi yao. "Mvua hatuwezi kuizuia. Tunataka kujua maji yatafika wapi, na nani atakuwa njiani. Maji peke yake si hatari. Hatari ni maji pamoja na mtu ambaye hajui."

Neno hilo nililisikia, likapita. Nilikuwa nachambua mboga.

Watu walimpenda upesi. Alipomwambia Lewa kwamba mto wetu ndio ule ule unaopita kwao, ila wao wanauita Athi, na kwamba udongo mwekundu unaoletwa na mto hadi baharini Malindi umetoka kwenye mashamba ya Ukambani, Lewa alisimama.

"Kumbe umekuja kuudai! Kahonzi, lete karai tumpimie udongo wake aende zake."

"Nimewaachia, mzee," Mueni akasema. "Lakini ile mto ikileta mahindi mazuri, mnikumbuke."

"Ule mto! Ukileta! Mto si kikapu, binti, usiuseme hivyo, utanuna."

Tangu siku hiyo akamwita Mwenye Udongo, naye Mueni akawa anakosea makusudi ili amsikie akigomba.

Mwaka huo huo tulikuwa na furaha moja. Tulikuwa tunapata zahanati. Bi Mahfudha wa Malindi, ambaye ukoo wake una mashamba mengi upande wetu, alikuwa ametoa kipande cha ardhi bure, chini kule kwenye tambarare, nyuma ya kichuguu kikubwa chenye mti wa mkoma. Pale pana udongo mzuri na gari linafika. Lewa alikuwa mwenyekiti wa kamati. Mawe yalikwisha kuletwa. Chumba cha kwanza kujengwa kingekuwa cha wazazi, maana wanawake wetu walikuwa wakibebwa kitandani mpaka Malindi, na wengine hawakufika. Kuchimba msingi kulipangwa Jumatatu, wiki mbili mbele.

Mueni akamaliza makaratasi arobaini na matatu. Yote yalisema hapana, hatukuwahi kupata mafuriko. Jioni moja aliyapanga mezani kwangu, mimi nikiwa upande wa pili na daftari langu la darasa la ngumbaru, na taa alikuwa ameisogeza upande wangu kama kawaida yake. Nikaona hapindui tena kurasa.

"Mwalimu wangu anakuja wiki ijayo kuangalia kazi," akasema. "Nitamwonyesha nini? Mwaka mzima nilisema mahali ni hapa. Mto uko hapo, tambarare iko hapo, na watu wote wanasema hawajaona kitu." Akachukua karatasi moja. "Halafu wazee wote wanataja wageni. 'Hapana mafuriko, tulipata ugeni tu mwaka wa sitini na moja.' Huyu hivyo. Na huyu. Walikuwa wageni gani hao, hawe? Wazungu?"

Nilianza kucheka. Kisha kicheko kikanikauka.

"Ni maji," nikasema. "Ndivyo tunavyosema. Mwaka wa ugeni."

Alinitazama, kisha akatazama karatasi zake arobaini na tatu. Akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Mungu wangu. Waliniambia wote. Waliniambia na nikaandika hapana."

Kesho yake akaanza upya, nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, safari hii akiuliza ugeni ulifika wapi. Alirudi kila siku anaimba. Watu wote walikumbuka, na wote walisema jambo moja: ugeni uliishia chini ya kichuguu. Haukukipita. Kwa hiyo nyuma ya kichuguu ni pakavu, zahanati haina neno. Lewa mwenyewe alimwambia hivyo, bila mzaha wowote.

Kisha akatoa darubini yake ya miguu mitatu na fimbo ndefu ya rangi nyeupe na nyekundu iliyoandikwa namba. Kadzo, mke wa Lewa, ndiye aliyekuwa akimshikia fimbo. Walipima upande wetu, wakavuka wakapima ng'ambo, wakapanda hadi kwa Mramba, mwendo wa nusu saa kufuata mto juu, ambako maji ya mwaka ule yaliacha alama kwenye ukuta wa duka lake na yeye hakuipaka chokaa hata mara moja.

Siku ya nne Mueni alikuja akakaa kizingitini mwangu, miguu imejaa vumbi, hakuvua hata kofia.

"Hawe, kuna kitu hakikai sawa. Ng'ambo na kwa Mramba, maji yalipanda sana. Hapa katikati mnasema yaliishia chini. Tofauti ni mita moja na nusu." Akasimama, akaweka mkono chini ya kidevu changu. "Hivi. Maji hayawezi kulala hivyo, kama kitanda kilichovunjika mguu mmoja."

"Labda mashine yako," nikasema.

"Nimepima mara tatu." Akapangusa vumbi gotini. "Na kitu kingine. Ng'ambo wanasema mafuriko. Kwa Mramba wanasema mafuriko. Hilo neno la ugeni nimelisikia hapa tu, kwenye hizi nyumba zenu. Na samahani hawe, lakini nikiwauliza, kabla ya kujibu, wanaangalia huku. Wanaangalia mlango wako."

Nilikuwa na ungo mikononi. Nilipepeta, nikapepeta, ingawa mle ndani hapakuwa na makapi tena. Mueni aliniona, akaenda kuosha miguu nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda mrefu kuliko miguu ilivyohitaji. Alikuwa na adabu hiyo.

Miaka ishirini na mitatu nilidhani ni neno la watu wote.

Mwezi wa Novemba, mwaka wa sitini na moja, mume wangu alikuwa kibarua wa mkonge huko Kilifi, upande wa Mnarani. Tulikaa chini, tambarareni, kama wengi. Maji yalianza kuingia asubuhi, polepole, mekundu. Wazee walikuwa wakituambia kwamba maji hayajawahi kupanda kichuguu, ukiyaona panda kichuguuni ukae. Nilimpandisha binti yangu Sidi, wa miaka sita, nikamtandikia mkeka chini ya mkoma, nikampa kibuyu cha uji. Nikamwambia asishuke. Nikarudi kumchukua mama mkwe, ambaye alikuwa haoni. Nilimbeba mgongoni. Njia iliyokuwa ya kwenda na kurudi mara moja ikawa ya nusu asubuhi, maana mkondo ulikuwa unanivuta. Nilipofika kichuguuni nilipanda mpaka juu kabisa, nikasimama pale nilipotandika mkeka, na maji yalikuwa kifuani pangu. Nilishika mkoma kwa mkono mmoja. Mtumbwi wa jirani yetu Ngala ulituokoa mchana.

Sidi alipatikana siku ya tatu.

Sikumbuki mtu yeyote aliyenilaumu. Nakumbuka wanawake waliokuja kunichana nywele. Nakumbuka Kadzo, bibi harusi wakati huo, alinilisha kwa mkono kama mtoto. Tukahamia huku juu sote, na maisha yakaendelea. Kumbe walikuwa wananitunza hata nilipokuwa sioni. Nami kile kichuguu nilikuwa nimekifukuza kwenye mawazo yangu, hata zahanati niliishangilia bila kukikumbuka.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Lewa. Alikuwa anawamba kitanda kwa kamba.

"Shemeji," nikasema, "neno ugeni mlilianza lini?"

Mkono ukasimama kwenye kamba. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimejijumlishia mwenyewe."

Aliendelea kuvuta kamba, lakini haikuwa inakwenda popote. "Siku ya matanga," akasema. "Marehemu Ngala ndiye aliyetukusanya. Alisema, Kahonzi asilisikie tena neno mafuriko kutoka kinywani mwetu. Na mtu akiulizwa, aseme hayakufika kichuguuni. Ili usije ukasikia kokote kwamba ulimwacha mtoto majini."

"Na Sidi je? Mlisema alikufaje?"

"Kwamba alishuka mwenyewe. Alifuata mwana mbuzi." Akafuta uso. "Watoto wetu ndivyo wanavyojua. Hata njia ya mtoni tuliigeuza."

Njia ya mtoni inazunguka mbali na kile kichuguu, ndiyo. Nilidhani ni kwa sababu ya miiba. Kila mwaka kuna mtu anayeifyeka.

"Sidi hakushuka," nikasema. "Nilimwambia asishuke, na alikuwa mtoto msikivu."

Lewa aliitua kamba chini.

"Na zahanati, shemeji? Wewe ndiye mwenyekiti."

"Nalijua hilo. Unadhani silijui? Bi Mahfudha alipotaja pale mahali, tulikuwa watu tisa kwenye mkutano, na wewe ulikuwa umekaa pale mkekani ukishangilia pamoja na akina mama. Ningeanzia wapi? Nikajiambia maji kama yale hayaji mara mbili."

"Mwenye Udongo anasema hayana hesabu hiyo."

"Basi sijui," akasema Lewa, na sauti yake ilikuwa ya mzee kuliko nilivyoizoea. "Mimi siwezi kulisema, Kahonzi. Niliapa."

Nilirudi nyumbani taratibu. Nilifikiri juu ya wanawake ambao wangelala katika kile chumba, wamejifungua jana, hawawezi kukimbia, na wangekuwa pale kwa sababu watu wema walinihurumia mimi. Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angeniuliza. Mueni angeandika kwamba vipimo havikukubaliana, angepata digrii yake au asipate, angeondoka. Ningebaki na kile walichonipa: mtoto aliyeshuka mwenyewe.

Nilimkuta anafungasha fimbo yake kwenye gunia. Nikamwambia, "Ifungue. Na umpelekee ujumbe Bi Mahfudha."

Bi Mahfudha alikuja Alhamisi, kwa gari la mwanawe, amevaa buibui na miwani minene, kikongwe kuliko mimi. Kamati ilikuwapo yote. Mwalimu wa Mueni alikuwa amefika siku iliyotangulia, mtu mpole aliyesimama kando na kofia mkononi. Nilisema nitatangulia mimi. Nilipoiacha njia ya kuzunguka na kukata moja kwa moja kwenye majani, nilisikia nyuma yangu watu wote wakisita.

"Kahonzi," Kadzo akaita. "Pana miiba huko."

"Hapana, Kadzo. Nilikuwa nadhani hivyo."

Kichuguu kilikuwa kidogo kuliko kwenye kichwa changu. Mkoma ulikuwa bado upo. Miguu yangu ilikataa kupanda, nikasimama pale chini kama punda. Nikahisi mkono kwenye kiwiko. Bi Mahfudha alikuwa amevua viatu vyake, amevishika mkono mmoja, na mkono wa pili umenishika mimi.

"Twende, mwanangu," akasema. "Nami sijui kupanda. Tutaangushana."

Tukapanda. Nilipofika juu niligeukia watu. Mueni alikuwa chini nyuma ya darubini, nusu ya uso wake haionekani.

"Mimi nilimweka Sidi hapa," nikasema. "Mkeka ulikuwa hapa. Nilimwambia asishuke, na hakushuka. Niliporudi na mama mkwe mgongoni, nilisimama hapa nilipo sasa. Maji yalikuwa hapa." Nikaweka kiganja kifuani. "Yalikuwa mafuriko. Yalikipita kichuguu, yakaenda mpaka huko mnakotaka kujenga, na zaidi."

Nilikuwa nimengoja aibu ije. Nilichosikia ni Kadzo analia, na mwanamume mmoja anakohoa. Lewa alikuja akachukua fimbo kutoka kwa mkewe, akapanda, akaisimamisha kando yangu. Fimbo ikawa inacheza.

"Mzee, ishike iwe wima," Mueni akaita kutoka chini.

"Nimeishika! Wewe soma ule fimbo wako."

"Ile fimbo, mzee," Mueni akasema, akainamia tena darubini.

Akanisomea namba. Akaisoma tena, mwalimu wake akainama akaisoma, wakaandika wote wawili, wakajumlisha. Alipandisha mpaka pale juu daftari lake kunionyesha, ingawa hesabu zile sikuzielewa. Kidole chake kilikuwa kati ya mistari miwili. "Huu ni wa kwa Mramba. Huu ni wako. Tofauti ni upana wa vidole vinne. Hawe, maji yamelala sawa."

Bi Mahfudha aliketi juu ya kichuguu, kwenye majani, na buibui lake zuri. Alitazama mawe ya msingi chini.

"Basi hapa hatujengi," akasema. "Kule juu barabarani pana mikorosho ya marehemu baba. Ng'oeni sita. Nitamweleza mwenyewe nikionana naye, inshallah, na wala haitachelewa."

"Bi mkubwa, usiseme hivyo," mmoja wa kamati akasema.

"Ah, niache. Viatu vyangu viko wapi?" Vilikuwa mkononi mwake.

Watu walianza kubeba mawe siku hiyo hiyo, bila mtu kuwapanga. Mueni alibaki na mimi.

"Kila alama lazima niipe jina," akasema. "Ile ya ng'ambo ni Kivukoni, ile nyingine ni Duka la Mramba. Hii niandike Kichuguu?"

"Andika Sidi."

Aliandika, akaniuliza kama ni sawa alivyoliandika. Nikalisoma. Lilikuwa sawa.

Kitabu chake kilifika mwaka wa themanini na sita, kwa posta, kimefungwa kwa karatasi ya kaki, na zahanati ilikuwa na miezi saba kule mikoroshoni. Kimeandikwa kwa Kiingereza na sikijui. Ndani yake kuna barua fupi ya Kiswahili na, ukurasa wa sitini na nane, ramani inayofunguka. Nilimwita Lewa tukaifungua mezani. Yeye hajui kusoma, lakini mto aliujua mara moja, akaufuata kwa kidole kutoka juu.

"Hapa ni kwa Mramba."

"Ndipo."

"Na hapa?"

"Hapo wameandika Sidi."

Kidole chake kilikaa pale. Ramani ilikuwa na rangi ya buluu iliyopakwa kuonyesha maji yalipofika, na kidole kilikuwa katikati ya buluu, mbali na ukingo wake.

"Mafuriko yalifika mbali, shemeji," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Yalifika mbali."

Nikainuka kumtilia chai. Aliinua kitabu kwanza, akapangusa meza kwa mkono wa shati lake, ndipo akakiweka tena.